Somo la Kompyuta: Waya Mmoja Uliozima Mtandao, na Jinsi ya Kupanga STP Kwenye Swichi



Ukurasa huu wa somo la kompyuta, mwaka huu tumeutenga kwa jambo ambalo sisi wenyewe tunaosimamia chumba cha kompyuta tulilijua baada ya kupata shida. Tunaliandika ili asiyelijua alijue, na anayelijua akumbuke. Wanafunzi wanaotaka kuwa mafundi wa mitandao walisome kwa kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake kuna hesabu kidogo.

1. KISA CHENYEWE

Ofisi yetu, chumba cha kompyuta na maktaba vimeunganishwa kwa mtandao mmoja. Asubuhi moja, ikiwa ni siku ya mwisho ya kutuma majina ya watahiniwa, mtandao wote ulikufa. Kompyuta ya ofisi haikuiona printa iliyo mezani pembeni yake, wala chumba cha kompyuta hakikupata intaneti. Taa ndogo za swichi, ambazo kwa kawaida huwaka na kuzima kila moja kwa wakati wake, siku hiyo zilikuwa zikimweta zote kwa pamoja kwa kasi ya ajabu.

Tulidhani intaneti imekatika. Tukazima ruta tukaiwasha, mara tatu. Tukazima kompyuta zote. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Mwishowe mmoja wetu akaanza kuchomoa nyaya, mmoja baada ya mwingine. Alipochomoa waya mmoja mweupe katika chumba cha kompyuta, kila kitu kikarudi papo hapo.

Waya ule ulikuwa umechomekwa ncha zote mbili kwenye mtandao uleule: ncha moja ukutani, na nyingine kwenye swichi ndogo ya matundu 8. Kijana mmoja wa kidato cha pili alijitokeza mwenyewe akasema ni yeye. Jana yake, wakati wa zamu ya kufagia, aliona waya umelala sakafuni, akaona tundu liko wazi, akauchomeka ili mtu asijikwae. Tulimkaripia mbele ya wenzake. Majina yalipelekwa saa nne usiku, saa mbili kabla ya muda kwisha.

Tulipotulia tulijiuliza: kosa la kijana huyu ni lipi? Aliona waya na tundu vinavyolingana, akachomeka. Kinga ya kosa la namna hii imekuwapo tangu miaka ya 1980. Swichi yetu kubwa ilikuwa nayo, ila ilikuwa imezimwa na hakuna kati yetu aliyewahi kuiangalia. Kwa hiyo kosa lilikuwa letu. Kinga hiyo inaitwa itifaki ya spaningi trii, kwa kifupi STP, na ndiyo somo letu.

2. SWICHI INAFANYA KAZI GANI?

Hapa hatuzungumzii swichi ya taa ya ukutani. Swichi ya mtandao ni kisanduku chenye matundu mengi, 8, 24 au 48, na kila tundu huchomekwa waya wa kompyuta, printa au swichi nyingine. Taarifa husafiri ndani yake katika vifurushi vidogo vinavyoitwa fremu. Kila fremu ina anwani ya anayetuma na anwani ya anayetumiwa.

Swichi ikijua kompyuta fulani iko tundu la 5, hupeleka fremu yake tundu la 5 tu. Isipojua, hufanya kama mpiga mbiu: huitoa nakala fremu hiyo na kuitoa katika matundu yote, isipokuwa lile ilikoingilia. Vilevile zipo fremu ambazo kwa asili yake ni tangazo kwa wote, kama pale kompyuta inapouliza, "Printa iko wapi?" Tangazo hilo ni lazima litoke katika matundu yote.

3. KWA NINI KITANZI KINAUA MTANDAO?

Tuchukue mfano wa kijijini. Bwana mmoja ana tangazo la harusi. Majirani wamekubaliana kanuni moja: kila nyumba itakayosikia tangazo ilipeleke kwa majirani wake wote, isipokuwa yule aliyelileta. Hakuna anayeweka kumbukumbu ya alichokwisha kusikia.

Kama nyumba zimeungana kama matawi ya mti, tangazo litafika nyumba ya mwisho na litaishia hapo. Lakini kama nyumba tatu zimeungana kwa duara, ya kwanza itapeleka kwa ya pili na ya tatu. Ya pili itapeleka kwa ya tatu, na ya tatu itapeleka kwa ya pili. Kisha zote mbili zitalirudisha kwa ya kwanza, ambayo kwa kufuata kanuni italianzisha upya. Harusi itapita, maharusi watapata watoto, na tangazo bado linazunguka.

Hivyo ndivyo swichi zinavyofanya zikiungwa kwa duara, ambalo sisi tutaliita kitanzi. Pakiti inayovuka ruta ina hesabu ya umri: kila ruta hupunguza moja, na ikifika sifuri pakiti hutupwa. Fremu ya swichi haina hesabu hiyo. Haizeeki wala haifi, itazunguka mpaka mtu achomoe waya au azime umeme.

Tena huzunguka kwa kasi kubwa. Katika waya wa megabiti 100 kwa sekunde zinaweza kupita fremu ndogo kabisa, za baiti 64, karibu 148,800 kwa sekunde moja. Katika waya wa gigabiti 1 ni mara kumi ya hizo. Tangazo moja likiingia kwenye kitanzi, na la pili, na la tatu, baada ya muda mfupi nyaya zote hujaa matangazo ya zamani na hakuna nafasi ya kazi halisi. Mafundi huiita hali hii dhoruba ya matangazo. Zile taa zetu zilizokuwa zikimweta kwa pamoja zilikuwa zinatueleza jambo hili, ila hatukujua kuzisoma.

4. MBONA TUSIPIGE MARUFUKU NJIA MBILI?

Msomaji anaweza kusema: basi tusiunganishe swichi kwa duara kabisa. Jibu ni kwamba njia mbili ni neema, na mtu wa Bukoba analijua hilo vizuri. Kwenda Mwanza tuna njia ya ziwa na njia ya barabara. MV Victoria ilipokuwa imesimama, kabla ya kurudi majini mwaka 2020, watu walisafiri kwa gari kupitia Muleba na Biharamulo. Aliye na njia moja tu, ikifungwa, anabaki nyumbani.

Hata Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaofika mpaka Mutukula na Rusumo katika mkoa wetu, ulijengwa kwa mizunguko, ili ukikatika upande mmoja mawasiliano yapite upande wa pili. Mkongo una mbinu zake nyingine za kuongoza njia, lakini nia ni ileile. Na kwetu Kagera radi ni nyingi: waya wa shaba unaopita nje kutoka jengo hadi jengo uko hatarini kila msimu wa mvua. Waya wa pili wa akiba si anasa.

Kwa hiyo tunahitaji njia mbili ziwepo, lakini kwa wakati mmoja itumike moja tu, na ya pili ifunguke yenyewe pale ya kwanza inapokatika. Hiyo ndiyo kazi ya STP.

5. STP INAVYOFANYA KAZI

STP ilibuniwa mwaka 1985 na mwanamke Mmarekani, Radia Perlman, mtaalamu wa hesabu na kompyuta, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation. Kazi hiyo ilimchukua siku chache tu, na baada ya kumaliza aliandika na shairi fupi la kuieleza. Mwaka 1990 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliifanya kuwa kanuni rasmi, 802.1D. Mwaka 2001 ikatoka STP ya haraka, yaani RSTP. Binti zetu wanaodhani kompyuta ni fani ya wavulana walizingatie jina hilo.

Utaratibu wake una hatua tatu.

Kwanza, swichi huchagua mkubwa wao, aitwaye mzizi. Kila swichi hutuma barua fupi, iitwayo BPDU, kila baada ya sekunde 2. Ndani ya barua kuna namba ya kipaumbele na anwani ya swichi. Mwenye namba ndogo ndiye mzizi, kama namba za foleni hospitali, ambapo wa 1 huingia kabla ya wa 50. Swichi nyingi hutoka kiwandani na kipaumbele 32768. Zikilingana, huangaliwa anwani, na yenye anwani ndogo hushinda.

Hapa pana mtego. Anwani ndogo mara nyingi ni ya swichi ya zamani, kwa sababu viwanda hutoa anwani kwa kupanda. Usipopanga wewe, swichi kuukuu iliyoko kwenye kabati la maktaba inaweza kuwa mzizi, na mawasiliano yote yakalazimika kuizunguka.

Pili, kila swichi isiyo mzizi huchagua njia yake moja ya bei ndogo kwenda kwa mzizi. Kwa hesabu iliyozoeleka, waya wa megabiti 10 una bei 100, wa megabiti 100 bei 19, wa gigabiti 1 bei 4, na wa gigabiti 10 bei 2. Kasi ikiwa kubwa, bei ni ndogo.

Tatu, njia inayobaki ambayo ingefanya kitanzi hufungwa kwa upande mmoja. Tundu lililofungwa halipitishi fremu za kazi, lakini linaendelea kusikiliza barua za BPDU. Njia kuu ikikatika, tundu hilo hufunguliwa. Kwa STP ya zamani ilichukua sekunde 30 mpaka 50. Kwa RSTP ni sekunde chache, na mara nyingi haifiki hata sekunde moja.

6. HESABU YA MFANO

Tuna swichi tatu: ya Ofisi, ya Kompyuta na ya Maktaba. Ofisi ndiyo mzizi. Ofisi hadi Kompyuta ni gigabiti 1, bei 4. Kompyuta hadi Maktaba ni gigabiti 1, bei 4. Ofisi hadi Maktaba ni waya wa zamani wa megabiti 100, bei 19.

Je, Maktaba itapita wapi kwenda Ofisi? Kwa macho, njia ya moja kwa moja ni fupi. Lakini bei yake ni 19. Kupitia Kompyuta ni 4 + 4 = 8. Nane ni ndogo, hivyo Maktaba itapita kwa Kompyuta, na tundu lake la waya wa zamani litafungwa. Anayejua barabara za huku haoni ajabu: kuzunguka kwa lami huwahi kuliko kukata njia ya tope.

7. HATUA ZA KUPANGA SWICHI

Hatua ya kwanza: chora ramani. Andika kila swichi, kila waya unaounganisha swichi na swichi, na namba za matundu. Usiguse mpangilio wowote kabla ya ramani kukamilika.

Hatua ya pili: chagua mzizi na msaidizi wake. Mzizi uwe swichi yenye nguvu iliyo katikati ya mtandao, kwa kawaida ile inayounganishwa na ruta. Mpe kipaumbele 4096. Msaidizi atakayeshika nafasi mzizi ukizimika mpe 8192. Namba hizi huenda kwa mafungu ya 4096, hivyo huwezi kuandika 5000.

Hatua ya tatu: washa RSTP katika kila swichi inayoweza kupangwa. Katika swichi za Cisco huandikwa hivi kwenye swichi ya mzizi:

enable
configure terminal
spanning-tree mode rapid-pvst
spanning-tree vlan 1 priority 4096

Katika swichi zinazopangwa kwa ukurasa wa kivinjari, tafuta sehemu ya STP, iwashe, chagua RSTP, kisha andika namba ileile ya kipaumbele.

Hatua ya nne: linda matundu ya kompyuta. Tundu la kompyuta halina haja ya kusubiri sekunde 30 kama tundu la swichi, kwa hiyo huambiwa liwe la ukingoni na lifunguke mara moja. Pamoja na hilo liwekewe mlinzi: likipokea barua ya BPDU, ambayo kompyuta ya kawaida haitumi, lijifunge. Kama matundu 1 hadi 20 ni ya kompyuta:

interface range fastEthernet 0/1 - 20
spanning-tree portfast
spanning-tree bpduguard enable
end

Tahadhari: usiweke mpangilio huu kwenye tundu linalokwenda swichi nyingine ya mtandao wako. Litajifunga lenyewe na utakuwa umejikatia mawasiliano.

Mlinzi huyu ndiye angetuokoa siku ile. Swichi ndogo za bei nafuu nyingi hazina STP, na nyingi kati yake huziachia barua za BPDU zipite. Waya wa kijana ulipofunga kitanzi, barua ya swichi kubwa ingezunguka na kuirudia yenyewe, na tundu lingejifunga ndani ya sekunde chache. Chumba cha kompyuta kingekosa mtandao, lakini ofisi ingeendelea na kazi. Hata hivyo zipo swichi ndogo zinazozitupa barua hizo, na kwa hizo mlinzi haoni kitu. Ukiweza, badilisha swichi ya namna hiyo.

Hatua ya tano: jaribu. Andika show spanning-tree uone ni swichi ipi iliyo mzizi na tundu lipi limefungwa, ulinganishe na ramani yako. Kisha, saa ambayo hakuna kazi, chomoa waya mkuu mmoja uone kama njia ya akiba inafunguka. Akiba ambayo haijajaribiwa isihesabiwe kuwa akiba.

Hatua ya sita: hifadhi. Mpangilio usiohifadhiwa hupotea umeme ukikatika. Andika copy running-config startup-config. Kisha bandika lebo kwenye ncha zote mbili za kila waya.

Tundu lililojifunga kwa sababu ya mlinzi, ondoa kwanza chanzo chake, kisha ingia kwenye tundu hilo na uandike shutdown, halafu no shutdown. Ukilifungua bila kuondoa chanzo, litajifunga tena.

8. SI SISI PEKE YETU

Mwanafunzi asidhani mambo haya ni ya vyumba vidogo kama chetu. Mwezi Novemba mwaka 2002, hospitali kubwa ya Beth Israel Deaconess katika mji wa Boston, Marekani, ilipata shida ya aina hii. Mtandao wake ulikuwa umeongezwa kipande kwa kipande kwa miaka, mpaka ukapita kipimo ambacho STP ya zamani ilikusudiwa kubeba, yaani mtandao usiozidi swichi 7 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Programu moja ya utafiti ikamwaga taarifa nyingi mtandaoni, STP ikaelemewa, vitanzi vikatokea. Kwa siku nne hivi madaktari na wauguzi walirudi kwenye karatasi, na watu walikimbia na majibu ya maabara mikononi.

Mkuu wa kompyuta wa hospitali hiyo, John Halamka, hakulificha jambo hilo. Alilieleza hadharani ili wengine wajifunze, na mpaka leo mafundi wanafundishwa kwa kisa chake.

Na hapa nchini, kituo cha TIX cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 2004, ni mahali ambapo makampuni ya intaneti hukutanisha mitandao yao kupitia swichi. Vituo vya namna hii duniani kwa kawaida huwakataza wanachama kuleta barua za BPDU, ili mtandao wa mmoja usivuruge wa wote. Ni mlinzi yuleyule wa hatua ya nne.

9. HITIMISHO

Ndugu wasomaji, tumejifunza mambo mawili. La kwanza ni la ufundi: mtandao wenye njia mbili unahitaji mkubwa anayejulikana, njia moja iliyo wazi na nyingine iliyo tayari, na ulinzi ukingoni. La pili ni la malezi. Katika nyumba yenye watoto mia, waya utachomekwa pasipostahili, leo au kesho. Mwenye jukumu asingoje asiwepo wa kukosea. Apange mambo yake ili kosa la mmoja lisiwaangushe wote.

Kijana yule tulimwita tukamwomba radhi mbele ya wenzake walewale tuliomkaripia mbele yao. Leo lebo zote za nyaya katika chumba cha kompyuta zimeandikwa kwa mkono wake, na ramani iliyobandikwa mlangoni ameichora yeye.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini fremu iliyo kwenye kitanzi haifi, wakati pakiti inayovuka ruta hufika mwisho wake?
2. Swichi A ina kipaumbele 32768, B 8192 na C 4096. Ipi ni mzizi? Ikizimika, ipi itashika nafasi?
3. Katika mfano wa sehemu ya 6, waya wa Ofisi hadi Maktaba ukibadilishwa kuwa wa gigabiti 1, ni njia ipi Maktaba itatumia? Onyesha hesabu.
4. Kwa nini mlinzi wa BPDU hawekwi kwenye tundu linalounganisha swichi mbili za mtandao wako?

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa kompyuta, yakiwa yameandikwa kwa mkono.